Ukope na Kioo cha Jicho: Kwa Nini Wanapasua Ukope Ili Mtu Aone?

SOMO LA VIKUNDI
(Lisomwe kwa sauti, sehemu moja moja. Mkimaliza sehemu, simameni muulizane kabla ya kuendelea.)

Ndugu wanavikundi wa Ntimaru na majirani zetu,

Tumezoea kujifunza habari za mahindi, mbuzi wa maziwa na daftari la akiba. Leo tunajifunza habari za jicho. Hatujaacha maendeleo. Mama asiyeona vizuri hachambui maharagwe, hahesabu pesa zake mwenyewe, na mara nyingi mjukuu hutolewa shule ili amshike fimbo amwongoze njia. Jicho moja likiharibika nyumbani, watu wawili wanapoteza kazi.

Kuna swali ambalo wagonjwa wengi huuliza. Mtu anaona ukungu. Anakwenda kwa mganga wa macho, anaambiwa, "Ukope wako umejikunja ndani, unahitaji upasuaji." Anarudi nyumbani akinung'unika: "Mimi shida yangu ni kuona. Sasa mbona wanataka kukata ukope?" Hilo ni swali la akili, na linastahili jibu. Asipojibiwa, haendi. Na asipokwenda mapema, kuna kitu atakachopoteza ambacho upasuaji wa ukope hauwezi kukirudisha.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Tukisema UKOPE, ni ile ngozi inayofunika jicho, wa juu na wa chini. Tukisema NYWELE ZA KOPE, ni zile zinazoota kwenye ukingo wake. Na tukisema KIOO CHA JICHO, ni ile sehemu angavu ya mbele kabisa, iliyofunika duara jeusi. Waganga hukiita konea.

1. KIOO CHA JICHO KINAFANYA NINI?

Wengi hufikiri kazi ya kuona iko ndani ya jicho tu. Sivyo. Ili tuone, mwanga lazima upindwe ukutane mahali pamoja nyuma ya jicho. Karibu theluthi mbili ya kazi hiyo ya kupinda mwanga hufanywa na konea, na theluthi inayobaki na lenzi iliyo ndani. Konea ni nyembamba: katikati inapita nusu milimita kidogo tu. Haina mishipa ya damu, ndiyo maana ni angavu. Hewa yake huipata kwa njia ya machozi.

Ili ifanye kazi vizuri, konea inahitaji mambo matatu: iwe ANGAVU, iwe LAINI, na iwe na UMBO linalofaa. Moja likikosekana, mtu haoni sawasawa hata kama sehemu nyingine zote za jicho ni nzima.

Hebu jaribuni haya mkiwa kikundini. Chukueni chupa ya plastiki isiyo na rangi, mjaze maji, mwangalie maandishi ya ukurasa huu kupitia hapo. Herufi zimenyooshwa upande mmoja, si ndiyo? Sasa bonyezeni chupa kwa kidole gumba, kidogo tu. Herufi zinapinda tena kwa namna nyingine. Maji ni yale yale na maandishi ni yale yale. Kilichobadilika ni umbo la ukuta wa chupa.

Jaribio la pili. Chukueni kipande cha plastiki angavu, mkisugue kwa mchanga mpaka kichubuke. Angalieni kupitia hapo: ukungu mtupu. Sasa kipakeni maji. Mtaona kinaangaza kidogo, kwa sababu maji yamejaza ile michubuko. Yakikauka, ukungu unarudi. Kumbukeni majaribio haya mawili, tutayarudia.

2. UKOPE UNAFANYA NINI?

Ukope ni zaidi ya mlango wa kulalia. Mtu hupepesa jicho mara kama 15 kwa dakika, na kila akipepesa, ukope hutandaza machozi juu ya konea kama fundi anavyopiga lipu. Machozi hayo ndiyo yanayoulainisha uso wa konea, kama maji kwenye plastiki yetu. Ukingo wa ukope una vijitundu vinavyotoa mafuta kidogo ili machozi yasikauke upesi. Ukope pia huondoa vumbi, na hulikinga jicho wakati wa kulala.

Tena ukope huigandamiza konea kidogo. Ule wa juu hukaa juu ya ukingo wa konea wakati wote tukiwa macho. Uzito wake na mkazo wake ni kama kile kidole gumba kwenye chupa. Basi ukope ukibadilika, umbo la konea nalo linaweza kubadilika.

3. UKOPE UKIHARIBIKA

Kuna njia kadhaa ukope unavyoweza kulidhuru jicho.

(a) Vikope, yaani trakoma. Huu ni ugonjwa wa kuambukiza unaoenezwa kwa vidole, vitambaa na nzi, kutoka uso mchafu wa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine. Mtoto akiupata mara nyingi, ndani ya ukope wake panafanyika kovu. Miaka inapita. Akiwa mtu mzima, lile kovu linavuta ukope kuelekea ndani, na nywele za kope zinaanza kukwaruza konea. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, watu kama milioni 1.9 ulimwenguni wamepofuka au wamepungukiwa uwezo wa kuona kwa sababu ya ugonjwa huu. Wanawake ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa ndio wanaokaa na watoto siku nzima.

Hapa Kenya ugonjwa huu umejulikana hasa katika sehemu kavu za wafugaji. Uchunguzi wa mwaka 2004 ulifanywa katika wilaya sita za wakati ule: Samburu, Narok, Pokot Magharibi, Kajiado, Baringo na Meru Kaskazini. Kuria haikuwa ndani yake. Lakini Narok ni jirani yetu upande wa Trans Mara. Watu wanaoana, wanahamia, wanakutana sokoni kununua ng'ombe. Bibi aliyeolewa huku anaweza kuwa aliuchukua ugonjwa utotoni mahali pengine, na kovu likaja kumsumbua hapa kwetu.

(b) Uzee. Ukope wa chini hulegea, ukajikunja ndani, nywele zikagusa jicho. Hili halina wilaya, liko kila mahali.

(c) Uvimbe mgumu wa mafuta ndani ya ukope. Ukiwa mkubwa huigandamiza konea, na mtu huona vitu vimepindapinda.

(d) Ukope unaoning'inia, hasa kwa mtoto aliyezaliwa nao. Ukifunika tundu la jicho au ukilikandamiza, ubongo wa mtoto hulizoea jicho hilo kuwa halifai, ukaacha kulitumia. Mtoto wa namna hii apelekwe mara moja, asingojewe akue.

(e) Kovu la moto. Mtoto aliyeungua uso anaweza kuvutwa ukope hata jicho lisifunge. Konea inakauka, kama plastiki yetu ilipokosa maji.

4. UPASUAJI WENYEWE

Tuchukue ule wa nywele zilizoingia ndani kwa sababu ya vikope. Wengi wanauogopa kwa sababu hawajui unavyofanyika. Mganga huchoma sindano ya ganzi kwenye ukope. Mtu halazwi usingizi. Ndani ya ukope kuna kibao chembamba kigumu kidogo. Mganga hukikata kwa urefu karibu na ukingo, kisha huugeuza ule ukingo utazame nje na kuushona hapo. Kazi hii kwa kawaida haipiti saa moja. Jicho hufungwa bandeji mpaka siku inayofuata, na mgonjwa huenda kwao. Jicho lenyewe HALIKATWI. Haling'olewi, wala halitolewi nje "likaoshwa", kama watu wanavyosimulia.

5. KONEA INABADILIKAJE BAADA YA HAPO?

Hapa sasa ndipo jibu la lile swali la mwanzo. Ukope ukinyooshwa, konea hupata mambo haya:

Kwanza, kukwaruzwa kunakoma. Hesabuni wenyewe: kupepesa mara 15 kwa dakika ni mara 900 kwa saa. Kila mara nywele zinapita juu ya kioo kama ufagio mgumu. Zikiondolewa, michubuko ya juu juu inapona yenyewe, kwani ngozi ya juu ya konea hujitengeneza upesi.

Pili, machozi yanatandazwa sawa tena. Uso wa konea unakuwa laini, mwanga hautawanyiki, na ule mng'ao unaoumiza juani unapungua.

Tatu, umbo linaweza kubadilika. Uvimbe ukitolewa, konea hurudi kwenye umbo lake na mtu huona vizuri zaidi. Ukope ulioning'inia ukiinuliwa, mkazo wake juu ya konea unakuwa mwingine, na kipimo cha macho kinaweza kugeuka kidogo. Mageuzi makubwa huwa katika majuma ya kwanza, uvimbe wa kidonda ukiwa bado upo. Baadaye jicho hutulia.

Kwa hiyo msishangae mtu akirudi kutoka hospitalini akisema, "Mbona naona ukungu kuliko jana?" Ana dawa ya mafuta machoni, ukope umevimba, machozi hayajatulia. Mpeni muda. Lakini akiwa na maumivu makali, usaha, au uwezo wa kuona ukishuka ghafla, huo si muda wa kungoja. Arudi hospitali siku ile ile.

Huko Ethiopia, ambako ugonjwa huu ni mwingi sana, wagonjwa walipimwa macho kabla ya upasuaji na baada yake. Kwa wastani walikuwa wanaona vizuri zaidi kuliko mwanzo, na maumivu ya kukwaruzwa yalipungua.

6. HABARI YA MIWANI

Kwa kuwa umbo la konea linaweza kugeuka, miwani iliyopimwa kabla ya upasuaji huenda isifae baadaye. Kwa kawaida hungojwa kama miezi mitatu ndipo mtu apimwe upya. Mkimchangia mzee wenu, chango la kwanza liende kwenye ukope, na la miwani lifuate. Miwani ya sokoni inayojaribiwa kwa kusoma gazeti haiwezi kusaidia konea inayokwaruzwa. Ni kama kupaka rangi ukuta ambao paa lake linavuja.

7. KITU AMBACHO HAKIRUDI

Ndugu zangu, tuwe wakweli hapa. Upasuaji wa ukope hauondoi kovu jeupe lililokwisha kuingia ndani ya konea. Konea ikichubuliwa mwaka baada ya mwaka, huingiwa na vidonda, na kidonda kilichokwenda ndani kikipona huacha doa jeupe. Doa likiwa pembeni, mtu bado ataona. Likiwa katikati, mwanga umezibwa njia. Hapo upasuaji wa ukope utazuia doa lisiongezeke na utatuliza maumivu, lakini hautalifuta. Kubadilishiwa konea ni kazi nyingine, ya hospitali kubwa chache, na jicho lililoharibiwa na vikope si rahisi kulifanyia hivyo.

Ndiyo maana tunasema SIKU YA KWENDA NI SIKU NYWELE ZINAPOANZA KUGUSA JICHO, wakati bado anaona. Watu wengi hufanya kinyume. Wanasema, "Bado ninaona, nitakwenda nikishindwa." Akishindwa kuona ndipo amechelewa. Yule anayekwenda mapema ndiye anayepata faida yote.

8. HATARI ZAKE, NA KUNG'OA NYWELE

Upasuaji huu una hatari zake pia. Ukingo ukigeuzwa kupita kiasi, jicho linaweza lisifunge vizuri na konea ikakauka. Ukigeuzwa kidogo mno, nywele zinabaki. Tena nywele zinaweza kurudi ndani baada ya muda. Mwaka 2016 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Ethiopia uliolinganisha njia mbili za upasuaji kwa watu 1000. Baada ya mwaka mmoja, nywele zilikuwa zimerudi kwa watu 13 katika kila 100 kwa njia moja, na 22 katika kila 100 kwa njia ya pili. Utafiti mwingine wa huko huko, wa mwaka 2006, ulionyesha kwamba dozi moja ya dawa ya azithromaisini baada ya upasuaji ilipunguza kurudi huko kwa theluthi moja, ikilinganishwa na dawa ya kupaka ya tetrasaiklini.

Tunajifunza nini hapo? Kwamba wengi hupona, na kwamba kurudi kuangaliwa ni sehemu ya matibabu yenyewe. Mgonjwa aonwe siku ya pili, aonwe baada ya juma moja au mawili, kisha tena kati ya miezi mitatu na sita. Nywele zikirudi, anaweza kufanyiwa tena.

Je, kung'oa kwa kibano? Kama nywele ni mbili tatu na haziko mbele ya konea, mganga anaweza kukubali zing'olewe kwa kibano kizuri, na mgonjwa aendelee kuangaliwa. Lakini kung'oa ovyo nyumbani hukata nywele katikati, na kisiki kinachobaki ni kigumu kuliko nywele ndefu. Tena huota upya baada ya majuma machache. Na msitie jichoni majani yaliyopondwa, maziwa ya mama, au maji ya tumbaku. Konea iliyochubuka ni mlango wazi kwa viini vya ugonjwa.

9. KAZI YA KIKUNDI

(i) Tafuteni. Kila mwanakikundi aangalie nyumbani kwake na kwa jirani: nani anatokwa machozi daima, anakwepa jua, anafumba jicho moja, au ana kibano kwenye kibweta? Mwambieni mhudumu wa afya wa kijiji.

(ii) Ulizeni. Nendeni hospitali ya Ntimaru au Kehancha mkaulize ni siku gani na ni wapi mganga wa macho anapatikana, gharama ni ngapi, na bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, italipa kiasi gani. Majibu yaandikwe kwenye daftari la kikundi, yasibaki kichwani mwa mtu mmoja.

(iii) Sindikizeni. Mara nyingi kinachomzuia nyanya kwenda ni nauli, mtu wa kumshika mkono, na ruhusa ya wenye mji. Upasuaji wenyewe wala hajaukataa. Kikundi kinaweza kutenga nauli ya watu wawili kwenye akiba. Wazee wa kikundi wanaweza kuzungumza na mwenye nyumba kwa heshima: "Mzee, macho ya mama ni mali ya mji mzima." Wengine wataanza na "Aah, ni uzee tu huo." Jibuni kwa upole kwamba nywele zinazokwaruza jicho zinatibika, hata kwa mzee.

(iv) Zuieni. Osheni nyuso za watoto kila siku. Utafiti uliofanywa Kongwa, Tanzania, na kutolewa mwaka 1995 ulionyesha kwamba vijiji vilivyohimizwa kuosha nyuso za watoto, baada ya kutibiwa kwa dawa, vilipunguza vikope vikali. Maji mengi hayahitajiki kwa kazi hiyo. Kibuyu chirizi mlangoni kinatosha. Kila mtu awe na kitambaa chake, na choo kichimbwe, kwa maana nzi wa vikope hutaga mayai kwenye kinyesi kilichoachwa wazi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Eleza kwa maneno yako: kwa nini kutengeneza ukope kunaweza kumfanya mtu aone vizuri, hali jicho lenyewe halikuguswa?

2. Katika jaribio la chupa, kidole gumba kinafananishwa na nini? Na maji juu ya plastiki iliyochubuka?

3. Nyanya mmoja anaona vizuri lakini hung'oa nywele za kope kila juma. Mwingine ana doa jeupe katikati ya jicho la kulia, na nywele zimeanza kugusa la kushoto. Kikundi kina nauli ya mtu mmoja tu mwezi huu. Nani aende kwanza, na kwa nini? Jadilianeni mpaka mkubaliane, na muandike ni lini yule wa pili atakwenda.

4. Katika kijiji chetu, ni nani anayeamua kama mama aende hospitali? Tutazungumza naye namna gani?

Swali la tatu halina jibu moja. Mtakayempeleka, kumbukeni kwamba yule wa kwanza ana macho mawili ya kuokoa, na yule wa pili amebakiwa na moja. Wote wawili wanakwaruzwa mara 900 kwa saa wakati ninyi mnajadiliana. Basi kikao kisifungwe kabla hamjaandika majina na tarehe.